Nyumba Haikuhama

Uyole, Mbeya
11 Februari 2024

Kaka Anyitike,

Ugonile. Natumaini hapo Kihesa mmeamka wote na baridi haijawashinda. Huku mvua haiachi, kuni zimeota ukungu, viazi vya kule juu vimeanza kuoza kwenye matuta, ila tunakula. Ipyana anamsalimia mjomba wake. Amejua kuhesabu mpaka kumi, isipokuwa saba anairuka, kila siku saba hiyohiyo, na ukimrekebisha anakutazama kama wewe ndiye hukusoma. Pendo anaota meno. Mimi silali. Ukikuta nimekosea humu, ujue mkono mmoja una kalamu na mwingine una mtoto. Wifi Mutale mwambie mbegu za chainizi alizonipa zimeota zote.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako ina ugonjwa wake. Nikiuliza habari za watoto inasikika vizuri kabisa. Nikitaja jina la Asukile, mtandao unakata. Basi nimeona nitafute karatasi, maana karatasi haikati. Kondakta wa basi la asubuhi ameahidi kukuletea mpaka ofisini.

Jambo lenyewe ni hili. Mume wangu alikwenda kufuatilia kitambulisho cha taifa. Wakamuuliza amezaliwa wapi. Shemeji yako unamjua, hajui kusema nusu. Mtu mwingine angesema Kyela, akanyamaza, akaenda zake. Yeye akaeleza yote. Akasema amezaliwa kule kona ya mto Songwe, mpakani na Malawi, kwenye nyumba ambayo mto ulikuwa unapita nyuma yake, na yalipokuja yale mafuriko makubwa mto ukakata njia mpya, sasa unapita mbele ya nyumba.

Afisa akamuuliza, "Kwa hiyo umezaliwa nchi gani?"

Akajibu, "Nimezaliwa nyumbani. Nyumba haikuhama, mto ndio ulihama."

Wakacheka. Wakaitana waje kumsikia. Kisha mmoja akachukua karatasi akaanza kuandika, na hapo wakaacha kucheka. Sasa shemeji yako anahesabiwa kuwa mtu wa Malawi mpaka athibitishe vinginevyo. Anatakiwa shahidi Mtanzania aliyeishi pale kona kabla ya mafuriko, aape kwamba mto ulikuwa nyuma. Mama yake mzazi hakubaliki, kwanza ni mama, pili naye yuko ng'ambo kwenye nyumba ileile.

Mama Noorjahan, yule mwenye duka la fenicha anakofanyia kazi, alifunga duka akaenda naye. Akawaambia, "Babu yangu mimi alikuja na meli akiwa na sanduku, na kitambulisho ninacho. Huyu hajasafiri hata hatua moja, ameamka tu akakuta mto uko upande mwingine, ndiye mnayemwita mgeni?" Wakamwambia amemfahamu Asukile hapa mjini tu, ushahidi wake hautoshi.

Baba na Mama wametangulia. Majirani wa pale wametawanyika, na yule mzee wa mwisho tulimzika mwaka juzi. Umebaki wewe. Mlichunga ndama pamoja wewe na Asukile, wakati mimi hata sijazaliwa. Njoo siku moja tu, useme kwa kinywa chako mto ulikuwa wapi.

Mdogo wako,
Bupe


Kihesa, Iringa
16 Machi 2024

Mdogo wangu Bupe,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi ni wazima na kazi zinaendelea vema. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Mwezi huu wote kituo chetu kimekuwa katika maandalizi ya Siku ya Wanawake, na kabla ya hapo nilikuwa Igowole nikitoa semina kwa madiwani na watendaji kuhusu mkataba wa kimataifa wa haki za wanawake, ambao nchi yetu iliuridhia zamani. Mwitikio ulikuwa mkubwa. Wifi yako anakusalimu na amefurahi kuhusu chainizi.

Barua yako nimeisoma kwa makini. Suala la mhusika ni zito na linahitaji busara. Mpaka wa Songwe ni suala la nchi mbili, lina wataalamu wake, lina mikataba iliyoandikwa tangu enzi za Wajerumani na Waingereza. Si jambo ambalo mtu binafsi anaweza kusimama na kusema mto ulikuwa hapa au pale. Ushauri wangu ni mhusika afuate taratibu, awe mvumilivu, na aepuke kauli za mzaha mbele ya maofisa.

Nakutumia kwa kondakta huyohuyo fulana mbili na mfuko kutoka kwenye maadhimisho. Fulana ya njano ni ya kwako.

Kaka yako,
Anyitike


Uyole
24 Machi 2024

Kaka,

Mzigo umefika. Ahsante. Pendo jino la kwanza limetoka, la chini. Ipyana ameanguka kwenye mtaro akachubuka goti, hakulia, alikasirikia mtaro.

Fulana ya njano imeandikwa kifuani HAKI SAWA KWA WOTE. Kitambaa chake hakinyonyi maji vizuri, nilijaribu kumfutia mtoto udenda ukawa unateleza tu. Nimeifanya ya kushikia sufuria. Ile nyingine Ipyana anaivaa kama gauni.

Nimeuliza kwa Mama Noorjahan "mhusika" ni nani, akasema ni neno la kumwita mtu usiyetaka kumjua. Mhusika huyu, kaka, ndiye aliyekutengenezea kitanda unachokilalia na mkeo. Alikileta mwenyewe mpaka Kihesa, akala kwako ugali, mkaongea Kinyakyusa mpaka wifi akalalamika haelewi. Siku ile hakuwa mhusika.

Sasa nikueleze nilichokiona, maana wewe unafundisha na mimi nimekaa tu kwenye benchi na watoto wawili. Nilimuuliza yule afisa: basi tuseme ni mgeni, lakini mimi mkewe ni Mtanzania, ndoa ya kanisani, watoto wawili, si apewe uraia kwa hiyo ndoa? Afisa si mtu mbaya, alinijibu taratibu kabisa. Akasema mwanamke wa kigeni akiolewa na Mtanzania, njia hiyo ipo, anaomba. Mwanamume wa kigeni akimwoa Mtanzania, njia hiyo haipo. Aombe kama mgeni mwingine yeyote, awe amekaa miaka mingi kihalali. Nikauliza, atakuwaje amekaa kihalali na hakuwahi kujua kama ni mgeni? Akasema, "Mama, mimi sikutunga sheria."

Hapo nikamkumbuka wifi yangu Mutale. Alikuja kutoka Nakonde na begi moja, ukamwoa, akaomba, akapata, tukala pilau. Sikumwonea wivu siku ile na simwonei leo, wifi ni mtu wangu. Lakini wewe ulipomwoa mtu wa ng'ambo, ndoa yako ilimfanya awe wa hapa. Mimi nilipoolewa na mtu ambaye ng'ambo ilimfuata mwenyewe nyumbani kwao, ndoa yangu haimfai kitu. Na wewe ndiye unayezunguka Igowole na mashine ya kumulika ukutani, unawaambia watendaji kwamba mke na mume ni sawa. Waliitikia vizuri, umesema. Walikula wali na kuku?

Mwisho, hilo la kwamba mtu binafsi hawezi kusema mto ulikuwa wapi. Mama alinihadithia zaidi ya mara moja. Nyumba yetu na ya kina Asukile zilikuwa bega kwa bega kule kona. Wewe ulizaliwa palepale, si hospitali, na bibi akakizika kitovu chako chini ya mgomba, nyuma ya nyumba, upande wa mto. Mama alikuwa akisema hivyo hivyo: nyuma ya nyumba, upande wa mto. Mimi sina elimu ya mipaka, ila mbele na nyuma najua.

Afisa ametoa muda mpaka katikati ya Juni.

Bupe


Kihesa
30 Mei 2024

Mdogo wangu,

Natumai hamjambo. Poleni na baridi, nasikia huko kwenu imeanza mapema.

Nimechaguliwa kuwa katika ujumbe wa asasi za kiraia utakaokwenda Uswisi mwezi Julai, kwenye kikao kinachojadili haki za wanawake. Ni heshima kwa ukoo wetu. Kabla ya safari kuna uhakiki wa nyaraka, na kila kitu kinaangaliwa upya.

Kuhusu mahali pa kuzaliwa, cheti changu kinasema Kyela mjini, na hicho ndicho kinachotambulika. Nakuomba kama kaka yako usiandike tena habari za mgomba kwenye karatasi. Barua hupita mikono mingi.

Asukile ni kijana shupavu, mambo yatakaa sawa. Tukirudi kutoka Uswisi tutaona namna.

Naambatanisha ombi moja dogo. Kituo kinakusanya picha za wanawake wa vijijini walionufaika na elimu ya haki, kwa ajili ya kitabu cha maonesho. Ukipata mtu mwenye simu nzuri, piga picha umembeba Pendo, uwe umevaa ile fulana ya njano.

Anyitike


Uyole
19 Juni 2024

Kaka,

Watoto ni wazima. Baridi ni kali kweli, asubuhi majani ya viazi yanakuwa meupe. Pendo ana meno manne na amejifunza kuuma.

Sikupiga picha. Fulana imeungua upande mmoja kwenye sufuria ya maharage, neno SAWA limetoka.

Tulikwenda siku ya mwisho, mimi na Asukile na watoto na Mama Noorjahan. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimwambia Asukile, "Nitamtaja kaka. Nitasema alizaliwa pale, wamwite wenyewe." Alikuwa anapiga randa ubao wa kabati la mtu, hakuinua kichwa. Akasema, "Mwache. Ukimvuta aje kuninusuru, tutazama wawili. Na ana watoto." Nikamwambia, na wewe huna? Akasema, "Ninao. Ndiyo maana najua."

Kaka, nilimkasirikia kuliko ninavyokukasirikia wewe. Watu wa namna yake ndio wanaowanenepesha watu wa namna yako.

Afisa akauliza maswali yake. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kama mtu wa kubahatisha tu, "Mama, na kwenu hakuna mtu aliyezaliwa kwenye hiyo kona?"

Ipyana alikuwa amenishika kitenge. Niliona uso wako, kaka. Si huu wa kuvaa tai. Ule wa zamani, uliponibeba mgongoni kunipeleka zahanati nikiwa na surua, ukaanguka kwenye tope na hukuniachia. Nina hasira nyingi lakini sikumbuki hata mara moja uliyoniachia, ndiyo maana hili limenishinda kulielewa.

Nikamjibu, "Wa kwetu aliyezaliwa pale alikufa."

Akasema pole. Akaandika. Kwa hiyo, kaka, kwenye ofisi ile wewe ni marehemu. Uhakiki wako hautapata shida yoyote kutoka kwangu. Marehemu haulizwi alizaliwa wapi.

Asukile amepewa siku chache afungashe. Ataondoka Jumamosi kupitia darajani Kasumulu. Alitoka pale kona akiwa kijana kuja kujifunza useremala kwenye nchi yake, sasa anarudi nyumbani kwao kama mtu aliyefukuzwa ugenini. Mama Noorjahan amempa randa na misumeno, akawaambia wale mafundi wengine, "Mimi kila mwaka mtu ananiuliza asili yangu ni wapi. Huyu asili yake mnaiona kutoka ng'ambo ya maji, na hammwiti wenu. Haya, fungeni duka, leo sina mkono wa kuuza."

Safari njema ya Uswisi. Ukisimama pale kuwaeleza wazungu habari zetu, uwasalimie. Waambie kuna mwanamke Uyole amenufaika.

Bupe


Kihesa
25 Agosti 2024

Mpendwa Bupe,

Nimerudi salama. Simu yako haipatikani, na kondakta anasema hakukuti Uyole, ndiyo maana barua hii naipitisha kwa Mama Noorjahan. Wifi yako ana wasiwasi na ananilaumu. Tangu alipoikuta ile barua yako ya Juni mezani haongei nami zaidi ya salamu. Juzi ameniambia anaona aibu kukilalia kile kitanda.

Kikao kilikwenda vizuri. Nilisoma taarifa yetu kwa dakika zilizopangwa. Palikuwa na mama mmoja wa kamati, mzee, akaniuliza kama nchini kwetu mwanamke anaweza kumpa mume wake uraia. Nikamjibu kwamba suala hilo linafanyiwa kazi. Akaandika kitu. Akaniuliza tena, linafanyiwa kazi na nani. Muda ukawa umekwisha.

Sikuwa nimelala vizuri kabla ya hapo, nadhani ni tofauti ya hali ya hewa.

Sijui niandike nini kuhusu yaliyotokea. Ungekuwa katika nafasi yangu ungeelewa kwamba mtu akifika mahali fulani anakuwa hajibebi peke yake. Ninasomesha, nina watu ofisini wanaonitegemea. Sikutunga sheria mimi pia.

Nasikia umemfuata Asukile. Kama ni kweli, niambie hali ya pale. Ile nyumba bado imesimama? Na kule nyuma, upande ule aliokuwa akiusema Mama, ule mgomba bado upo?

Anyitike


Kona ya Songwe
14 Oktoba 2024

Kaka Anyitike,

Barua yako imenifikia. Mama Noorjahan alimpa dereva wake akaileta mpaka darajani Kasumulu, Asukile akaipokea upande wa huku. Huku ni joto, si kama kwetu juu. Pendo ametembea. Alianza kutembea hapa, kwenye ua wa bibi yake, akafika kwenye kinu akakishika akasimama anacheka. Ipyana amepona homa. Sasa anahesabu na saba, nadhani amechoka kubishana nasi. Mama mkwe anakusalimia. Anakukumbuka. Anasema ulikuwa mtoto mwoga wa mabata.

Wifi Mutale mwambie asikionee aibu kile kitanda, hakuna alichomkosea mtu. Mwambie pia ndiye ninayetamani kumwona kuliko watu wote wa Iringa, na usimpunguzie hayo maneno.

Ni kweli nilimfuata mume wangu. Pale darajani walinigongea muhuri, wakaniuliza nakwenda kufanya nini. Nikasema nakwenda kwa mume wangu. Wa upande huu wakaniuliza nitakaa muda gani. Nikasema sijui, waulize wa upande ule. Sasa mgeni ni mimi, kila baada ya muda natakiwa kurudi kugongewa tena. Asukile amepata kazi ya madawati ya shule moja huku. Kwenye benchi la kusubiri muhuri hukaa wanawake wengi wenye watoto mgongoni, wa huku walioolewa kule, wa kule walioolewa huku, wote wanasalimiana kwa lugha moja. Siku moja ulete ile mashine yako ya kumulika. Ukuta upo.

Umeandika kwamba ningekuwa kwenye nafasi yako ningeelewa. Nimelisoma hilo nikiwa namnyonyesha mtoto kwenye jamvi, nikajaribu kweli kulielewa, kwa sababu wewe ni kaka yangu. Yule afisa aliposema hakutunga sheria nilimwamini. Yeye kazi yake ni kuuliza. Wewe uliulizwa mara moja tu, na mimi, jambo unalolijua, ukaleta fulana. Halafu mzungu mzee akakuuliza kule Uswisi, ukamwambia linafanyiwa kazi. Mimi ningekuwa karibu ningemjibu yule mama. Linafanyiwa kazi na mimi. Nalifanyia kazi kila mwezi darajani nikiwa na watoto wawili.

Nilimuua mtu mzima pale ofisini ili wewe usafiri, na hukuniuliza hata kama nilipata usingizi.

Umeuliza habari za pale. Nyumba yetu ilibomoka zamani, kumebaki msingi na kuku wa jirani. Ya kina Asukile imesimama. Mto uko mbele, mama mkwe huchota maji akiwa anaangalia Tanzania. Nyuma ni bonde la mchanga na matete, ukilichimba linatoa maji. Mtoto mdogo akikaa pale anajua palikuwa na mto.

Mgomba upo. Si uleule, umekufa na kuchipua mara nyingi, sasa ni kichaka kizima, mama mkwe anakiita cha Anyitike na majirani wote wanakiita hivyohivyo, hata wasiokujua. Mwezi uliopita kilitoa mkungu mkubwa. Tuliula wote. Watoto walishiba.

Ukitaka kukiona, njoo. Pasipoti unayo tayari. Pitia Kyela mpaka darajani, ugongewe kama mimi, na watakapokuuliza unakwenda kumtembelea nani, uwaambie unakwenda ulikozaliwa. Useme kwa sauti, mwandishi wao sikio moja ni zito. Siku hiyo nitarudi mwenyewe kwa yule afisa, nimwambie wa kwetu amefufuka.

Mpaka hapo mimi nina vyombo vya kuosha. Ni vingi, tunakula watu watano. Maji yake machafu nayamwaga pale kwenye shina lako, asubuhi na jioni. Mama mkwe anasema mgomba unayapenda.

Mdogo wako,
Bupe